Mzee ana dimensia nyumbani? Acha kumrekebisha yeye, rekebisha nyumba

Hii ni kwa ajili ya yule mmoja. Karibu kila familia ina yule mmoja ambaye kwa kuwa hajaolewa, au amejiajiri, au ndo alikuwa anakaa karibu, kajikuta kaachiwa mama au baba au bibi mwenye ugonjwa wa kusahau, wengine wote wanapiga simu jioni kuuliza "anaendeleaje" afu wanalala. Kama ni wewe, vuta kiti tuongee. Na kama wewe ndo wa kupiga simu usiondoke, una sehemu yako huko chini.

Nitaongelea mambo ya nyumbani zaidi, kuoga, kula, usiku, hela, ndugu, kwa sababu hayo ndo yanayomaliza watu na hospitalini hawana muda wa kukueleza. Na mengi nitakayosema yanatoka kwenye jambo moja: huyu mtu ubongo unaumwa, hawezi tena kujifunza kwa kukosolewa. Ukimwambia mara ishirini "mama si nimeshakwambia" hakuna hata moja inayobaki, kinachobaki ni ule unyonge wa kugombezwa, maneno yanapotea baada ya dakika tano lakini hofu na aibu anaweza kushinda nazo mpaka jioni bila kujua zimetoka wapi. Kwaiyo achana na kumrekebisha yeye. Unachoweza kurekebisha ni nyumba, ratiba, na midomo ya watu wanaomzunguka.

Kwanza hospitali, usikubali "ni uzee tu"

Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini kuwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wenye dimensia wakawa kama asilimia 6.4, yani kama mzee mmoja kati ya 16. Sasa kama ingekuwa ni uzee tu, wale 15 wengine wangepona vipi? Kusahau miwani umeiweka wapi ni kawaida, hata mimi nasahau. Ila kupotea njia ya duka analonunua sukari tangu ujana wake, kuweka simu kwenye friji na asione ajabu, kuuliza swali lilelile mara kumi ndani ya saa moja, hiyo ina jina na inatakiwa daktari.

Dimensia ni kundi la magonjwa. Alzheimer ndo inaongoza, Shirika la Afya Duniani linasema ni asilimia 60 mpaka 70 ya wagonjwa wote, afu kuna ile ya mishipa ya damu kwenye ubongo, wazee wetu wa presha, sukari na kiharusi wengi wanaangukia huku. Mpaka sasa hakuna dawa ya kuziponya. Lakini kuna vitu vinavyofanana nazo sana na vinatibika: tezi ya shingoni kufanya kazi kidogo kuliko inavyotakiwa, upungufu wa vitamini B12, sonona, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka bafuni wiki kadhaa nyuma, kaswende ya zamani, VVU, hata dawa anazotumia. Ukikaa nyumbani ukisema "uzee" unaweza kuwa unamuuguza mtu miaka mitatu kwa kitu cha kutibu kwa vidonge.

Siku ya kwenda ujue jambo moja, wazee wanajikaza mbele ya daktari. Mtu aliyekuita asubuhi kwa jina la marehemu dada yake anafika pale anakaa wima, anasalimia, anacheka na nesi, anasema hana tatizo lolote isipokuwa magoti, na wewe unaonekana mzushi. Dawa yake ni daftari. Wiki mbili kabla andika matukio yenyewe na tarehe, usiandike "anasahau sana", andika "Jumanne kapika maharage bila maji mpaka sufuria ikaungua, harufu hakuisikia". Mpe daktari alisome mwenyewe, usimsomee mzee wako makosa yake usoni. Na dawa zote beba kwenye mfuko, za hospitali, za duka, za miti shamba, zote. Kwa Tanzania, mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza anatakiwa kutibiwa bure hospitali za serikali, nenda na barua ya serikali ya mtaa uulize dirisha la wazee au ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini.

Ukiandikiwa dawa za dimensia kama donepezil au memantine, uliza bei ya mwezi na uulize zinapatikana wapi kabla hujaanza. Zinaweza kumpunguzia dalili baadhi ya watu kwa muda, haziponyi. Na yule anayekuuzia chupa ya "kusafisha ubongo" na anaapa kwamba atakumbuka kila kitu, hela yake nunua pampasi za wakubwa.

Hapa niseme na hili la kurogwa. Mtaani watasema kachezewa, au wataenda mbali zaidi, watasema yeye mwenyewe ndo mchawi kwa sababu kaonekana usiku uani kwa watu hana nguo vizuri anaongea peke yake. Ukanda wa Shinyanga na Mwanza, na kule Kilifi upande wa Kenya, kuna wazee wameuawa kwa maneno kama hayo. Usione aibu kutaja ugonjwa kwa jina kwa majirani na kwa mjumbe, mapema. Kumficha ndani kunaongeza uvumi tu.

Kuongea naye bila vita

"Nataka kwenda kwetu." Anasema hivyo amekaa kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Ukimjibu "mama hapa ndo kwako, angalia picha yako ile ukutani" mtabishana mpaka usiku wa manane na atazidi kutafuta mlango. Mara nyingi anachotafuta ni utulivu, au ana njaa, au anataka choo, au anaikumbuka nyumba ya utotoni iliyoshabomolewa. Muulize huko kwao kukoje, nani yupo, mti gani ulikuwa uani, afu "sawa, tunywe chai kwanza tusiende na njaa". Ikishindikana mshike mkono mtoke kweli, mzunguke mtaa mrudi, akiona geti anaweza kusema mwenyewe "haya tumefika".

Akiulizia mume wake aliyeshafariki, usimwambie "baba alikufa, umesahau?" Yeye anaisikia kama habari mpya, analia msiba upya, na baada ya nusu saa anauliza tena. Ndugu wa dini wananiuliza, sasa si ndo kumdanganya huko? Mimi naona kuna njia katikati. Anapouliza "baba yenu yuko wapi" jibu ile kiu, "umemkumbuka eeh? hebu niambie mlikutana wapi". Hujasema uongo. Akikazia macho akauliza kabisa "amekufa?" mwambie kweli kwa upole, mshike, mlie pamoja kidogo.

Wizi. Hapa ndo nyumba zinavunjika. Anaficha pochi mwenyewe kwenye mto au ndani ya ndoo ya mchele, anasahau, na kwa kuwa hakumbuki kuficha basi kwake ni wazi kaibiwa, na mwizi ni yule aliye karibu, yani wewe au dada wa kazi. Usijitetee. "Pole mama, hebu tuitafute wote", na mwache aione yeye. Nunua pochi mbili zinazofanana, weka noti ndogondogo, na zijue sehemu zake za kuficha. Dada wa kazi mwambie siku ya kwanza kabisa kwamba ataitwa mwizi na nyie mnajua si kweli, mwambieni mbele ya familia nzima. Msichana anayeitwa mwizi kila siku na hakuna anayemtetea ataondoka, na yeye ndo alikuwa mikono yenu.

Afu wageni. Jamani wageni. Anaingia mtu sebuleni hajakaa hata, "bibi unanijua mimi? mimi nani? hebu nitaje!" na watu wanacheka. Bibi anatabasamu, anashika kanga yake anaizungusha kidoleni, anaangalia huku na huku anatafuta wa kumsaidia, anasema "nakujua bwana, we si wa kwetu", na ukiangalia vizuri machozi yanamlenga. Huo ni mtihani na kafelishwa mbele za watu nyumbani kwake. Mkute mgeni mlangoni, mwambie aingie hivi: "Shikamoo bibi, mimi fulani, mtoto wa kaka yako fulani, nimekuja kukusalimia." Akae upande wa mbele aonekane, aongee taratibu, asiulize ya jana, aulize ya zamani, mavuno ya mkonge, harusi yake, shule za enzi zile. Akikataa kufuata hilo, huyo mgeni ni mgonjwa kuliko mwenyeji.

Siku nzima, na hasa jioni

Ratiba moja kila siku. Kuamka, kuoga, chai, kazi ya mikono, chakula, kupumzika kidogo, kutoka nje, chakula, kulala. Kulala mchana mrefu kunaharibu usiku, nusu saa inatosha. Kazi ya mikono usiidharau, mpe mchele achambue, kanga azikunje, maharage apepete, ukili asuke kama alikuwa anajua. Atachambua mchele huohuo mara tatu na mawe yatabaki, wewe kachambue tena jikoni kimyakimya. Mtu aliyelea watoto saba kukalishwa tu kwenye kochi kama mzigo kunamuumiza.

Jioni ikifika, kuanzia saa kumi na moja hivi, wengi wanabadilika, wanatembea huku na huku, wanaogopa, wanataka kutoka, wanaona watu ambao hawapo. Kwetu pwani watu wanasema ni wakati wa magharibi, majini yanapita. Soma dua yako kama unavyosoma, ila pia washa taa kabla giza halijaingia, funga mapazia, funika kioo kikubwa kama anaona mtu mgeni ndani yake, zima taarifa ya habari yenye milio ya bunduki, weka kaswida au nyimbo za kwaya alizokuwa anaimba ujana wake. Mtu asiyejua jina lako anaweza kuumaliza wimbo wa zamani beti zote, jaribu uone. Chai ya rangi nzito na kahawa ziishie mchana. Umeme wetu nao unajulikana, weka taa ya sola ya chaji chumbani na nyingine njia ya chooni. Na wageni wa jioni wahamishie asubuhi.

Kuoga ni vita ya nyumba nyingi. Fikiria upande wake, mtu asiyemkumbuka vizuri anamvua nguo na kummwagia maji kichwani. Sasa fanya hivi. Andaa kila kitu kabla ya kumwita, maji ya vuguvugu ndoo mbili, sabuni, taulo, nguo safi zimepangwa kwa mfuatano wa kuvaa. Stuli ya plastiki yenye miguu mipana bafuni, chini raba isiyoteleza au hata gunia lililolowa, na awe na pa kushika. Usimwambie "twende ukaoge", mwambie "njoo unawe miguu, maji ya moto haya yatapoa". Mkalishe, kanga ibaki imemfunika mabegani mpaka mapajani, anza na miguu, panda taratibu, ioshe ile sehemu iliyofunuliwa tu, kichwa mwisho au siku nyingine kabisa. Kata mpe yeye ajimwagie, akishika kata mara nyingi mikono inakumbuka yenyewe. Mwanamke aogeshwe na mwanamke, kama kuna mtoto wa kiume peke yake tafuteni jirani au ndugu wa kike hata mara mbili kwa wiki. Akikataa kabisa muache, rudi baada ya nusu saa na sauti nyingine. Siku za kukataa kumfuta kwa kitambaa usoni, kwapani na sehemu za siri kunatosha, hakuna aliyekufa kwa kutooga siku moja.

Choo: mlango wazi, taa inawaka, na umpeleke kila baada ya saa mbili bila kusubiri aseme. Chini ya shuka weka mpira wa kitandani. Usimpunguzie maji ya kunywa ukiogopa mkojo, ukavu unamchanganya zaidi na unaleta UTI, punguza tu yale ya usiku.

Chakula kitu kimoja kimoja, ukimwekea sahani nne mbele anaduwaa. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe anaweza asiuone, tumia sahani ya rangi. Kula kwa mkono kwetu ni faida kubwa, kijiko kinasahaulika mapema kuliko mkono. Akimaliza kula akasema "leo hamjanipa chakula", usimpe hesabu, pakua mapema nusu na ile nusu nyingine ndo ya malalamiko. Na akianza kukohoa kila akinywa au chakula kinabaki shavuni, mkalishe wima kabisa, vijiko vidogo, vyakula laini na uji mzito badala ya vimiminika vyepesi, na umwambie daktari, maana chakula kikipita njia ya hewa kinaleta nimonia.

Swala na funga zina maswali mengi. Mzee anaswali adhuhuri, dakika kumi baadaye anatawadha tena, na tena. Usimkamate mkono kumwambia umeshaswali, muache, mswala unamtuliza, wewe angalia tu sakafu ya pale anapotawadha isiwe na maji. Ramadhani akishikilia kufunga na ana sukari, mkae na sheikh wenu mapema, masheikh wanajua kwamba aliyeondokewa na akili kalamu imeinuliwa kwake, yani haandikiwi dhambi, na mgonjwa ana ruhusa, na neno la sheikh huyo analoheshimu linaweza kufanya kazi ambayo la kwako halifanyi. Wengi wanashangaa wakikuta mzee anakubali futari saa saba mchana, bora tu iwe kwenye kile chombo chake cha futari na tende mbele.

Jikoni usimwache peke yake na moto. Mtungi wa gesi ufungwe juu kila baada ya kupika. Na ile tabia yetu ya kuweka mafuta ya taa, dawa ya mende na ya kufulia kwenye chupa za soda na za maji, iishe leo.

Asipotee

Atatoka siku moja, jipange kama vile ni kesho. Namba mbili za simu ziandikwe kwa kalamu isiyofutika ndani ya pindo la kanzu au gauni, siyo kwenye karatasi ya mfukoni, na bangili yenye jina na namba kama ataivumilia. Komeo weka juu kabisa au chini kabisa ya mlango, sehemu asiyozoea kutazama. Kengele ndogo mlangoni. Onyesha picha yake kijiwe cha bodaboda, kwa muuza duka, muuza mkaa, muadhini, mama ntilie wa kona, waambie "mkimuona peke yake mkalisheni mmpe chai mnipigie". Kijiwe cha boda kitakusaidia kuliko kamera. Kumfungia ndani peke yake na kufuli mkatoka wote, hapana, moto ukitokea hana pa kutokea.

Akipotea, dakika kumi na tano za kwanza tafuteni ndani, chini ya kitanda, chooni, kwa jirani. Baada ya hapo hapohapo polisi, ukiambiwa subiri masaa 24 kataa, waeleze ni mgonjwa wa kusahau na ana dawa za kunywa. Msikitini na kanisani watangaze. Mmoja aende kule alikokuwa anafanya kazi zamani, mwingine stendi, mwingine kwenye nyumba ya kwanza aliyowahi kupanga, maana miguu inafuata njia za zamani.

Dawa, na siku anapobadilika ghafla

Dawa zigawiwe na mtu mmoja, zifungiwe, zitiwe alama kwenye daftari. Sasa sikiliza, zile za dukani za mafua na usingizi kama piriton na phenergan zinawachanganya sana wazee hawa. Mtu anampa bibi piriton alale, na usiku ndo anakesha akiona nyoka ukutani. Dawa za kutuliza fujo kama haloperidol pia zisiwe za kupewa kienyeji, zinaongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye dimensia na kuna aina moja, dimensia ya Lewy, ambayo mgonjwa wake zinamdhuru vibaya kabisa, kwaiyo daktari akiandika muulize kwa nini, kwa muda gani, na lini zitapunguzwa.

Dimensia kwa kawaida inamshusha mtu polepole kwa miezi na miaka. Ukiona leo ni mtu tofauti kabisa na wa juzi, kalegea, au kawa mkali ghafla, au halali, au haongei, usiseme "ugonjwa umepanda". Hiyo mara nyingi ni dalili ya kitu kingine juu yake: malaria, UTI, nimonia, kufunga choo siku nyingi, maji kupungua mwilini, maumivu asiyoweza kuyasema, dawa mpya, au kichwa kiligonga mahali. Siku hiyohiyo hospitali.

Simu, hela na hati

Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanaishi kwa wazee kama hawa. Mwachie simu ya vitufe yenye vocha kidogo, laini yenye hela iwe kwa mtu ambaye ndugu wote wamekubaliana, na taarifa ya miamala itumwe kwenye grupu kila mwisho wa mwezi. Hati ya nyumba, kitambulisho, kadi ya benki, wosia, nani asimamie, hayo yafanyike angali anaelewa anachosaini, mbele ya wakili au kituo cha msaada wa kisheria, na ndugu wote wawepo au wajue. Mkichelewa, kila sahihi ya baadaye itakuwa kesi. Zanzibar kuna pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi tangu 2016, Kenya kuna Inua Jamii shilingi 2,000 kwa mwezi kwa umri huohuo, angalia kama mzee wako kaandikishwa. Wakenya pia wana chama chao cha Alzheimer na dimensia, ADOK, ambacho kinakutanisha familia.

Wewe wa kupiga simu, hapa ndo pako

Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya masaa ya kuwaangalia watu wenye dimensia yanatolewa na wanawake, na ukiangalia nyumba zetu huhitaji hata kuuliza. Kikao cha familia kisiwe cha "tumuombee", kiwe na karatasi. Mtu wa kwanza kuongea awe yule anayekaa naye, aeleze saa kwa saa usiku mmoja unavyokwenda. Afu mgawane: nani anachukua wikiendi ipi, nani analipa dada wa kazi, nani pampasi, nani kliniki. Aliyeko Muscat au London hawezi kuogesha, sawa, basi alipe mtu wa kuogesha na likizo yake aje akae na mzee yeye mwenyewe ili yule mlezi aende akapumzike, siyo aje kupiga picha na kuleta chokleti. Na yule aliyeacha biashara yake kukaa na mama alipwe. Ndiyo, alipwe, mtoto wa mama huyohuyo. Kuna wanaosema eti thawabu zake ziko kwa Mungu, ziko kweli, lakini kodi ya fremu haipokei thawabu.

Kila anayetoa ushauri kwenye grupu atoe na zamu. "Mngemjaribu yule daktari wa Moshi" haya, unampeleka lini?

Kwa mlezi mwenyewe. Utakasirika, kuna siku mkono utawasha. Hiyo haikufanyi mtu mbaya, ila ni kengele. Mkalishe salama, toka nje, hesabu pumzi, piga simu kwa mtu mmoja mliyekubaliana kabla kwamba ukipiga anakuja na haulizi. Ukiona hulali hata siku za zamu ya mwenzio, unalia bila sababu, umeacha kula, unawaza bora wote mfe, hiyo ni sonona na wewe uonwe na daktari kama yeye. Nusu siku kila wiki iwe yako na isiombwe, na isiwe ya kwenda kufua.

Akishalala kitandani

Huko mwisho hatembei, haongei au anaongea neno moja moja, anakula kidogo sana. Usimkabe chakula, mlowanishe midomo, msafishe kinywa kwa kitambaa laini, na daktari aulizwe kuhusu maumivu kwa sababu yeye hasemi, utayaona kwenye kukunja uso na kushika shuka. Endelea kumsalimia na kumwambia unachotaka kufanya kabla ya kumgusa.

Ili asipate vidonda vya kulalia, mgeuze kila baada ya saa mbili, kushoto, chali, kulia, mto katikati ya magoti na chini ya ndama ili visigino vielee visiguse godoro. Shuka isiwe na mikunjo. Kila ukimgeuza kagua kiunoni, nyonga, visigino, viwiko, nyuma ya kichwa. Vitabu vinasema tafuta wekundu, kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwaiyo tumia mgongo wa kiganja, tafuta sehemu iliyokoza kuliko jirani yake, au yenye joto, au ngumu. Ukiipata usiisugue, usipake mafuta ya moto wala dawa ya meno, mlaze upande mwingine na umwite muuguzi akiwa bado hajachubuka.